Wanafunzi 84, Bagamoyo, siku moja: tulichokosea na tulichorekebisha

Mara ya kwanza tulipowapeleka wanafunzi wa kidato cha pili Bagamoyo, tulirudi Dar es Salaam na watoto 84 waliochoka na madaftari yaliyojaa maneno yaliyonakiliwa kutoka kwenye vibao vya maonyesho. Kesho yake darasani tuliuliza swali moja tu: kwa nini Kaole, mji wa kale jirani ambao sasa ni magofu, ilikufa na Bagamoyo ikasimama? Hakuna mkono ulionyooka. Wazazi walikuwa wamelipa, walimu tisa tumeacha vipindi vyetu, na swali la msingi kabisa la safari nzima halikuwa na jibu. Iliuma.

Mwaka uliofuata tukaenda tena. Idadi ileile, vituo karibu vilevile, na bei kwa kila mtoto haikupanda sana. Safari hii walirudi wakibishana. Naandika haya kwa walimu, viongozi wa madrasa, wa shule za Jumapili, wa skauti, na yeyote anayefikiria kupeleka kundi kwenye makumbusho ya historia ya mahali, ili asilipe ada ya makosa tuliyoilipa sisi.

Kosa la kwanza lilikuwa tamaa. Bagamoyo ina mambo mengi: magofu ya Kaole, misheni ya Wakatoliki na makumbusho yake, Caravan Serai (kituo cha zamani cha misafara), Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, makaburi yao, soko la samaki, ufuo. Tukapanga vituo saba kwa siku moja. Ukipiga hesabu ya kupanda na kushuka basi tu, watoto 84 wanatumia dakika 12 hadi 15 kila mara hadi wa mwisho akae na mahudhurio yahesabiwe. Vituo saba ni kama saa moja na nusu ndani ya mlango wa basi. Kufika saa 8 mchana tulikuwa tunawakimbiza: teremka, tazama, panda. Mara ya pili tulichagua viwili tu, Kaole na misheni. Mji mkongwe tuliupita kwa basi, polepole, mwalimu akionyesha kwa mkono. Wapo walimu waliosikitika kuiacha Caravan Serai. Mimi sisikitiki. Kituo kimoja kilichoeleweka kinamtosha mtoto, na mji hauhami.

Kosa la pili lilikuwa kwenda bila kukagua. Mtu mmoja au wawili waende kwanza, siku ya kazi, wiki nne hadi sita kabla, kwa saa zilezile mtakazokuwepo. Waende na saa ya mkononi na daftari. Wapime: kutoka lango hadi gofu la kwanza ni dakika ngapi kwa mwendo wa mtoto? Kivuli kipo wapi saa 4 asubuhi, na wapi saa 6? Basi kubwa linageuzia wapi? Choo kina matundu mangapi na maji yapo? Chumba cha maonyesho kinachukua watu wangapi bila kubanana? Kuna chumba kinachofanyiwa ukarabati? Sisi hatukuuliza hayo, tukafika na kundi zima mbele ya choo chenye matundu manne. Mtoto mmoja akitumia dakika 2 tu, watoto 84 kwa matundu manne ni dakika 42. Ndivyo ilivyokuwa, na mwongozaji wetu alikaa chini ya mti akitusubiri huku muda tuliomlipia ukiisha.

Siku ya ukaguzi ndiyo siku ya kuzungumza na waongozaji. Chukua wa kituo chenyewe, wenye vitambulisho, na mkubaliane ana kwa ana: wangapi watahitajika, lugha gani, dakika ngapi kila sehemu, na malipo kiasi gani. Mwambie pia wanafunzi wameshafundishwa nini. Mwongozaji asiyeambiwa atatoa maelezo yale anayompa mtalii aliyeshuka jana uwanja wa ndege, na hana kosa.

Malipo nayo yana mambo yake. Magofu ya Kaole ni kituo cha serikali. Makumbusho ya misheni ni ya Kanisa Katoliki. Hiyo ni mifuko miwili na stakabadhi mbili. Kwenye vituo vya serikali usitegemee kutoa noti dirishani: unaomba namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, unaonyesha ujumbe. Fanya hivyo siku moja kabla, maana mtandao ukigoma asubuhi ya safari kundi zima litasimama getini juani. Kiingilio cha mwanafunzi, cha mtu mzima raia na cha mgeni havilingani, kwa hiyo kama mna mwalimu wa kujitolea kutoka nje mhesabuni peke yake. Na nenda na barua ya shule yenye mhuri inayotaja idadi, kwa sababu bila hiyo utapata shida kudai bei ya wanafunzi.

Bajeti yetu ya kwanza ilikuwa na mistari minne: basi, viingilio, chakula, maji. Ilipasuka. Tulisahau viingilio vya walimu, chakula cha dereva na utingo wake, malipo ya waongozaji, maegesho, sabuni na karatasi za chooni, mifuko ya kutapikia, na dawa. Tulisahau pia kwamba wapo watoto ambao nyumbani hakuna hela. Mara ya pili tuligawanya jumla yote kwa watu 78 badala ya 84, ili sita waende bila kulipa na bila kutajwa majina mbele ya wenzao, kisha tukaongeza asilimia 10 ya dharura. Michango ilianza kupokelewa wiki nane kabla, kidogokidogo, ikafungwa wiki mbili kabla. Ukifunga siku tatu kabla, kama tulivyofanya mwanzo, huwezi kumlipa mtu yeyote malipo ya awali na kila kitu kinakuwa cha kubahatisha.

Basi ndilo lililotutia hofu kuliko yote. Mwenye gari tuliyekodi mara ya kwanza alileta gari dogo kuliko tulilokubaliana, tena saa 1 na robo asubuhi badala ya saa 11 na nusu alfajiri. Watoto wakakaa wanne kwenye viti vya watatu. Hatukuwa na mkataba wa maandishi, tulikuwa na maneno ya simu, kwa hiyo hatukuwa na la kusema. Sasa tunaandika: namba ya usajili ya gari, idadi ya viti, saa ya kufika shuleni, saa ya kurudi, nani analipa mafuta ya ziada, na nusu ya malipo inabaki mkononi mwetu mpaka tumerudi. Gari linapelekwa kukaguliwa na polisi wa usalama barabarani kabla ya safari, na mwalimu anakuwepo wakati wa ukaguzi. Mzazi anayekukabidhi mwanawe ana haki ya kujua hilo limefanyika, liandike kwenye barua yake.

Barua ya mzazi inastahili kufikiriwa vizuri kuliko tulivyoifikiria. Ya kwanza ilisema "ziara ya kimasomo Bagamoyo" basi. Siku mbili kabla tukapigiwa simu na wazazi wa Kiislamu wakiuliza kwa nini watoto wanapelekwa kanisani, na mzazi mmoja wa Kikristo akauliza kuhusu makaburi na misikiti. Maswali ya haki kabisa. Barua ya pili ilieleza: watoto wataona magofu ya misikiti ya kale Kaole na makumbusho ndani ya eneo la misheni, ni somo la historia, hakuna ibada itakayofanyika, na hakuna mtoto atakayelazimishwa kuingia mahali asipotaka. Tukaeleza na mavazi: sketi ndefu au suruali, mabega yamefunikwa, viatu vya kufunika vidole. Simu hazikuja tena.

Sasa darasani, kabla ya kwenda. Hapa ndipo safari ya pili iliposhinda ya kwanza. Tulitumia vipindi viwili tu. Kipindi cha kwanza kilikuwa ramani: pwani, Bagamoyo mkabala na Unguja, njia ya kwenda Tabora na Ujiji. Watoto walipima kwa uzi. Kipindi cha pili kilikuwa uzito.

Hili la uzito nalieleza kwa kirefu kwa sababu halikugharimu chochote na ndilo wanalolikumbuka mpaka leo. Wafanyabiashara wa misafara walipima pembe za ndovu na bidhaa nyingine kwa frasila, na frasila moja ni karibu kilo 16. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Tulijaza mchanga kwenye kiroba kimoja, tukaenda kuupima kwenye mizani ya dukani mpaka ukasoma 16, tukafunga kamba. Kiroba cha pili vivyo hivyo. Kila mwanafunzi alinyanyua kimoja kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, mgongo ukiwa umenyooka, na kukirudisha. Hakuna aliyeruhusiwa kujitwisha kichwani. Shingo ya mtoto si ya kufanyia jaribio. Kisha tukaviweka viwili pamoja katikati ya darasa na kusema: huu ni mzigo wa mtu mmoja, kwa miezi, kwa miguu. Tukawaambia pia jambo ambalo watu wengi hulisahau: wapagazi wengi, Wanyamwezi hasa, walikuwa watu wa kujiajiri, wakilipwa ujira, wenye majivuno ya kazi yao. Mpagazi si mtumwa. Msafara mmoja uliweza kuwa na wote wawili, na ndiyo maana lazima mtoto ajue kuwatofautisha kabla hajaona mnyororo hata mmoja. Jina lenyewe la Bagamoyo linavutwa huku na huku kwa sababu hiyo: wapo wanaolisoma kama kituliza moyo cha mpagazi aliyefika mwisho wa safari, wapo wanaolisoma kama mahali mtumwa alipouacha moyo wake. Tuliwaachia watoto maana zote mbili, bila kuwachagulia.

Karatasi ya maswali tuliipunguza kutoka maswali 30 hadi matatu. Maswali 30 yanamfanya mtoto atafute vibao, asitazame vitu. Matatu yalikuwa haya: Chagua kitu kimoja, kichore. Kimetengenezwa kwa nini, na unajuaje? Ungemuuliza nini aliyekitumia? Kila mmoja alikuwa na penseli, si kalamu ya wino, na ubao mdogo wa boksi gumu wa kuandikia akiwa amesimama.

Siku yenyewe. Mara hii tuliondoka saa 12 kamili asubuhi. Masika tuliyakwepa, kwa sababu mwezi wa nne si wa kuzurura kwenye magofu ya wazi. Tulisimama mara moja kituo cha mafuta Bunju kwa ajili ya vyoo, makundi mawili mawili, na hapo tulikuwa tumeshaokoa nusu ya zile dakika 42. Kaole iko kama kilomita 5 kusini mwa mji, kwa hiyo ukitokea Dar unaifikia kabla ya kuingia mjini. Ianze asubuhi. Ni mahali pa wazi, na jua la saa 6 juu ya mawe yale halina huruma. Safari ya kwanza tuliiweka mchana, watoto wawili wakazimia.

Watoto 84 tuliwagawa makundi manne ya 21, kila kundi walimu wawili, na mwalimu wa tisa, mwenye sanduku la huduma ya kwanza, akabaki hana kundi. Kila kundi lilikuwa na kitambaa cha rangi mkononi. Kwenye uwanja wa wazi, upepo wa bahari ukivuma, sauti ya mtu asiye na kipaza inafika vizuri kwa watu 20, labda 25. Wa safu ya tano hasikii, na asiyesikia anaanza kurusha vijiwe. Makundi yalizunguka sehemu nne kwa zamu: misikiti, makaburi, chumba cha maonyesho, kisima na mbuyu. Dakika 20 kila sehemu, dakika 5 za kuhama, filimbi moja. Kuanzia saa 3 hadi saa 4 na dakika 45 tulikuwa tumemaliza, na hakuna aliyekimbizwa.

Kaole ina magofu ya misikiti miwili na makaburi yapatayo 30, na msikiti wa kwanza unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Usiwape watoto karne hiyo ukadhani umewapa kitu. Wapeleke ukutani. Waambie wasogee mpaka pua iwe karibu na jiwe, bila kugusa, wahesabu vitundu. Jiwe ni la matumbawe, lina vijishimo kama sega la nyuki, na kati ya jiwe na jiwe kuna chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Kwa hiyo nyumba hii yote ilitoka baharini. Kisha wapeleke kwenye kaburi lenye nguzo, uwaonyeshe vishimo vya mviringo. Hapo palipachikwa mabakuli ya kaure kutoka Uchina. Bakuli halipo, kishimo kipo. Uliza: ilifikaje hapa? Mtoto aliyepima bahari kwa uzi darasani atakujibu bila kusaidiwa.

Waambie mapema kwamba kuta hazipandwi. Chokaa ya miaka mamia inabomoka kwa uzito wa mtoto wa miaka 14, na kipande kikianguka hakirudi. Waambie pia kwamba haya ni makaburi ambayo bado yana wageni wake, watu huja kuzuru na kuomba. Hakuna kukaa juu ya kaburi, hakuna kupiga picha na mtu anayeomba. Kelele tuliziachia upande wa mbuyu.

Na lile swali la kwa nini Kaole ilikufa, tulimwomba mwongozaji alijibu kwa kuonyesha badala ya kusimulia. Aliwageuza uso upande wa bahari na kuwauliza wanaona nini. Mikoko. Hori ambalo majahazi yalitia nanga lilijaa tope na mikoko, vyombo vikakosa njia, biashara ikahamia kaskazini palipo na ufuo wazi. Zipo sababu nyingine ambazo wanahistoria wanazitaja, lakini hii mtoto anaiona kwa macho yake. Hilo swali halijawahi kukosa mikono tena.

Njiani kwenda misheni kila mmoja alipewa ndizi moja na yai la kuchemsha. Maji tulihesabu lita moja na nusu kwa mtu: watu 93 ni karibu lita 140, yaani madumu saba ya lita 20, na kila mtoto na chupa yake ya nusu lita ya kujazia. Mara ya kwanza tulibeba pilau kwenye ndoo zenye vifuniko tangu alfajiri. Kufika saa 8 mchana ilikuwa imeanza kuchacha, tukaimwaga, na watoto wakala biskuti. Pilau iliyofungwa ikiwa moto, kwenye joto la pwani, haifiki mchana salama. Sasa tunamlipa mama lishe wa hukohuko nusu ya hela wiki moja kabla, tunampa idadi kamili, na tunampigia tena jioni ya kuamkia safari. Sahani zaidi ya 90 si kazi ya mtu mmoja. Atahitaji kuita wenzake, mwambie mapema.

Misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu ilianzishwa 1868, na makumbusho yake yamo kwenye nyumba ya zamani ya masista. Vyumba ni vya nyumba ya kuishi, siyo kumbi, kwa hiyo makundi mawili yaliingia, la pili dakika 10 nyuma ya la kwanza, na mawili yakabaki nje kwenye mnara na mbuyu. Dakika 45, halafu wakabadilishana. Mifuko yote ya mgongoni ilibaki kwenye basi. Mfuko wa mgongoni kwenye mlango mwembamba ndio unaovunja vioo vya makabati, mtoto hana habari.

Mnara ndio uliobaki wa kanisa la kwanza, na ndipo mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti aliyefia bara, ulipolazwa usiku wa tarehe 24 Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Walimu wengi huishia hapo. Mimi naona waliostahili kutajwa kwanza ni waliombeba, Chuma na Susi na wenzao, waliotembea karibu miezi tisa kutoka bara, nchi ambayo leo ni Zambia. Watoto walioinua viroba vya mchanga walinyamaza walipoambiwa hilo.

Kisha mbuyu. Unahesabiwa kuwa ulipandwa na wamisionari mwanzoni mwa kituo, na kwenye shina lake kuna kipande cha mnyororo kinachochungulia, pete chache tu, nyingine zimemezwa na mti. Kila mwaka mtoto wa kwanza kuuona anasema uleule msemo: "Mwalimu, hapa walifungwa watumwa." Lakini maelezo ya misheni ni kwamba mnyororo ule ulifungwa pale kwa ajili ya punda, ukasahaulika, na mti ukaendelea kunenepa. Usimkemee mtoto. Muulize: ulijuaje? Alijua kwa sababu ameona mnyororo na amesikia Bagamoyo. Hapo umefundisha ushahidi na dhana kwa dakika tatu, chini ya kivuli, bila ubao. Mara ya kwanza tulipita mti huo bila kusimama.

Ndani kuna pingu na minyororo ya kweli ya biashara ya utumwa, na hapa ndipo tulipokosea vibaya kuliko pote. Safari ya kwanza tulimwacha mwongozaji aeleze, watoto wakatoka nje, na baada ya nusu saa kijana mmoja mwenye asili ya Kiarabu alikuwa amekaa peke yake nyuma ya basi. Wenzake walikuwa wamemwita jina. Hatukuwa tumewaandaa. Ilituchukua wiki kadhaa kulirekebisha darasani, na sidhani tulilirekebisha lote.

Kwa hiyo mara ya pili tulizungumza kabla, kwa ukweli wote. Biashara ile ilikuwa na mikono mingi: wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa pwani, watawala wa bara waliouza mateka, Wahindi waliokopesha mitaji, mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, mashamba ya miwa ya Wafaransa kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi, na Ulaya na Marekani zilizotaka pembe za kutengenezea vinanda. Mkataba wa 1873 aliosaini Sultani Barghash wa Zanzibar ulifunga soko la Unguja na usafirishaji wa baharini, na bado watu waliendelea kupitishwa kwa siri. Tukawaambia wazi: hakuna aliyeko kwenye basi hili aliyemuuza mtu. Tukaweka na sheria mbili. Hakuna kumvisha mtu pingu, hata kwa kuonyesha, hata mwongozaji akisema ni sawa. Na mtoto anayetaka kutoka nje anatoka, mwalimu mmoja yuko mlangoni kwa kazi hiyo. Walitoka watatu. Wawili walirudi wenyewe.

Tulikula saa 7 na robo. Baada ya hapo kila mtoto anataka bahari, na ukisema hapana tu, watatoroka. Tuliwapa dakika 30 za ufuo, miguu hadi kwenye kifundo, walimu wamejipanga upande wa maji wakiwatazama watoto, siyo upande wa mchanga wakitazama simu. Angalia maji kupwa na kujaa kwa siku hiyo wakati unapanga ratiba. Maji yakiwa yamejaa sana, futa kipengele hicho na uwaambie mapema. Mahesabu ya vichwa tulifanya mara kwa mara: kila kupanda basi, kila kushuka kituoni, na baada ya ufuo. Mwalimu mmoja wa kila kundi anahesabu 21 wake, anapaza sauti ya idadi, dereva hawashi gari mpaka namba nne zimesikika.

Saa 9 alasiri tulikuwa barabarani, na kabla ya magharibi wazazi walishawachukua watoto wao.

Kazi ya mwisho ifanyike ndani ya siku tatu, kabla mambo hayajapoa. Tuliwaomba kila mmoja alete kitu kimoja cha zamani kutoka nyumbani, kwa idhini ya mwenyewe, na akiandikie kibao cha mistari minne: jina, kimetengenezwa kwa nini, cha nani, kilitumikaje. Tukapanga madawati ukutani, tukawaita kidato cha kwanza waje kuongozwa, watu 20 kwa zamu. Zilikuja mbuzi za kukunia nazi, redio ya mbao, kibuyu cha maziwa, cherehani ya mkono isiyo na sindano. Mtoto mmoja alileta pishi ya bibi yake, imepasuka ukingoni na kushonwa kwa waya. Kwenye mstari wa nne alikuwa ameandika: "Ilipimia mchele wa kuuza. Palipopasuka bibi aliongeza kidogo ili mteja asipunjwe."